Kuosha Pikipiki ya Nyika Bila Kuiharibu

Pikipiki ya nyika huundwa kwa ajili ya njia zisizo na lami: fremu nyepesi, shokapu ndefu, tairi zenye meno makubwa na injini iliyonyanyuliwa juu kukwepa mawe. Ile ya motokrosi, inayokimbizwa katika viwanja kama Jamhuri Park jijini Nairobi au Busiika na Garuga nchini Uganda, haina hata taa. Ile ya kazi, kama Yamaha AG100 ambayo mabwana shamba na wahudumu wa afya vijijini wameitumia kwa miaka mingi, ina keria mbele na nyuma, na cheni yake imefichwa ndani ya boksi. Zote zina maadui wawili, vumbi na maji, na utunzaji wake karibu wote ni kuwazuia hao wawili wasifike ndani ya injini, beringi na nyaya. Tatizo ni kwamba vumbi huondolewa kwa maji. Anayeosha ovyo hutoa tope la nje, ambalo halikuwa likidhuru sana, akapeleka maji na mchanga ndani, ambako madhara yake ni ya fedha nyingi. Kwa hiyo mpangilio wa kazi una uzito kuliko aina ya sabuni.

Udongo nao si wa aina moja. Vumbi la barabara za murram na mchanga wa mtoni lina chembe za kwatsi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ambayo hukwaruza chuma cha kawaida bila shida. Udongo mweusi wa mbuga haukwaruzi kiasi hicho, lakini hunyonya maji, huvimba na kunata. Hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu ligome kuzunguka, na ukikaukia kwenye rejeta hewa haipiti tena. Pikipiki iliyotoka kwenye vumbi tupu inaweza kusubiri hadi kesho. Iliyotoka kwenye udongo mweusi huoshwa siku hiyo hiyo, tope likiwa bado bichi.

Kazi huanza injini ikiwa imepoa. Maji baridi juu ya injini iliyotoka mbioni hugeuka mvuke, hukaushia tope papo hapo na kumuunguza aliye karibu. Mdomo wa ekzosi huzibwa kwa kizibo cha mpira. Asiye nacho hufunga mfuko wa plastiki kwa kipande cha tyubu kuukuu. Maji yakiingia humo hulowesha sufi ya kupunguza kelele, na yakiwa mengi yanaweza kufika hadi kwenye silinda. Baada ya hapo inaangaliwa chemba ya chujio la hewa, ambalo mafundi wengi hulijua kama eaklina. Njia bora ni kutoa chujio na kufunga mfuniko maalumu wa kuoshea. Pasipo mfuniko huo, chujio chafu huachwa mahali pake lipokee maji, na safi hufungwa mwishoni. Kufunga chujio safi kwanza kisha kuosha ni kuharibu kazi mbili kwa mpigo mmoja: maji hupunguza oili iliyokuwa inanasa vumbi, na siku inayofuata pikipiki huondoka na sponji lililolowa.

Tope gumu hulainishwa kwanza kwa maji ya mpira wa kawaida na kuachwa dakika kadhaa. Linaanza kutolewa chini: ndani ya madigadi, chini ya injini, kuzunguka mkono wa gurudumu la nyuma. Huko ndiko liliko zito, na ukianza juu kazi ya juu hurudiwa. Hapa ndipo mashine ya presha inapoingia, na hapa ndipo madhara mengi yanapofanyika. Sili ya beringi imeundwa kuzuia vumbi na maji yanayoruka kutoka kwenye dimbwi. Haikuundwa kuzuia maji yanayosukumwa kwa nguvu kutoka umbali wa kiganja. Maji hayo hunyanyua mdomo wa sili, hupita na mchanga, kisha mdomo unajifunga na kuviacha ndani. Hakuna dalili yoyote siku hiyo. Baada ya wiki chache gurudumu linaanza kucheza, na mwenye pikipiki anaulaumu mto aliovuka.

Kwa hiyo bomba la presha hushikwa mbali, angalau urefu wa mkono mzima, na kuna sehemu ambazo halielekezwi kamwe: vitovu vya magurudumu, shingo ya usukani, maungio ya shokapu ya nyuma, sili za shokapu ya mbele, cheni, swichi na viunganishi vya nyaya. Rejeta huoshwa kutoka nyuma kwenda mbele, kinyume cha tope lilivyoingia, maji yakienda moja kwa moja katikati ya mapezi. Yakipigwa kwa ubavu, mapezi hayo ya aluminiamu hulala, na kila pezi lililolala ni njia moja ya hewa iliyozibwa. Kuyanyoosha kwa bisibisi nyembamba kunawezekana, ila ni kazi ya kuchosha subira.

Kuhusu sabuni, shampuu ya magari inatosha. Sabuni ya unga ya kufulia huwa na magadi ya soda, ambayo yakiachwa juu ya aluminiamu huifubaza na kuitia madoa meupe. Mafuta ya taa yana kazi yake kwenye cheni na grisi iliyoganda chini ya injini. Brashi zinapaswa kuwa mbili, na sheria hii haina msamaha: iliyogusa grisi haigusi diski ya breki. Pedi zikishanyonya mafuta, kuzisugua kwa msasa mara nyingi ni kuahirisha tu safari ya kwenda kununua nyingine.

Baada ya kusuuza, kizibo cha ekzosi hutolewa, chemba ya chujio hukaushwa, chujio safi hufungwa, na injini huwashwa hadi ishike moto. Joto hufukuza maji kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki. Pikipiki husukumwa hatua chache breki zikikamatwa na kuachiwa, ili pedi zijikaushe. Penye kompresa, upepo hupulizwa kwenye viunganishi vya nyaya na kwenye kofia ya plagi, ambako dimbwi dogo hujikusanya na kusubiri siku plagi itakapofunguliwa liangukie ndani ya silinda. Upepo huo nao hauelekezwi kwenye beringi, kwa sababu ile ile ya maji.

Sasa zamu ya chujio chafu lililotolewa. Hakuna sehemu nyingine inayostahili muda mwingi kama chujio. Magari na pikipiki nyingi za barabarani hutumia chujio la karatasi. Pikipiki ya nyika hutumia sponji lililolowekwa oili yenye kunata, kwa kuwa karatasi ikipata maji na vumbi zito huziba upesi. Sponji lina njia nyingi zilizopindapinda. Hewa hupinda nazo, chembe ya vumbi hushindwa kupinda, hugonga ukuta wenye oili na kubaki hapo. Oili ndiyo inayonasa. Sponji kavu, hata likiwa jipya, hupitisha vumbi laini, yaani lile lile linalosaga injini.

Kulisafisha kunahitaji kisafishio maalumu au mafuta ya taa, si petroli. Petroli huyeyusha gundi ya mishono, na mvuke wake ukikutana na jiko au sigara kazi inageuka msiba. Sponji huzamishwa, hukamuliwa kati ya viganja, hugeuzwa, huzamishwa tena. Halisokotwi kama nguo, maana mishono huachia. Mafuta yakishatoa oili ya zamani, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, husuuzwa hadi maji yatoke meupe, kisha huanikwa kivulini likauke kabisa. Unyevu uliobaki huzuia oili mpya kushika. Likishakauka hunyanyuliwa kwenye mwanga. Mshono uliofunguka huonekana kama mstari mweupe, na chujio la namna hiyo halina tena kazi isipokuwa kupangusia mikono.

Oili ya chujio hutiwa rangi kwa makusudi, bluu, nyekundu au kijani, ili anayeipaka aone sehemu iliyorukwa. Humiminwa, sponji hufinyangwa hadi rangi ienee sawasawa nje na ndani, kisha ziada hukamuliwa. Likidondosha, limezidi, likiwa na mabaka, bado. Huachwa kwa muda ili kiyeyushi kilichomo kiruke na oili ibaki ikinata. Miongozo ya baadhi ya pikipiki za kazi huruhusu oili ya injini badala yake. Inafaa pale ambapo hakuna nyingine, lakini hutiririka na kukusanyika chini ya sponji, kwa hiyo chujio hukaguliwa mapema zaidi.

Mwisho ni ukingo. Vumbi jingi linaloingia kwenye injini yenye chujio zuri halipiti kwenye sponji. Hupita pembeni, pale sponji linapokutana na boksi. Mstari mwembamba wa grisi hupakwa ukingoni, chujio huwekwa, skurubu hukazwa, na kidole huzungushwa pande zote kuhakikisha limekaa. Safari inayofuata ikiisha, chujio hutolewa na kitambaa cheupe hupitishwa ndani ya bomba la hewa. Kikitoka safi, kazi ilikuwa nzuri. Kikitoka na mstari wa kahawia upande mmoja, fundi anajua hasa ni upande gani haukukaa.

Gharama ya mstari huo imepanda tangu mashine za kisasa zianze kutumika. Yamaha ilipoleta YZ400F mwaka 1998, motokrosi ilianza kuhama kutoka injini za mipigo miwili kwenda za mipigo minne zinazozunguka kwa kasi kubwa, na baadaye watengenezaji wengi wakaweka valvu za titani kwa sababu ya wepesi wake. Valvu hizo zina tabaka gumu jembamba kwenye sehemu inayokalia kiti chake. Vumbi hulila tabaka hilo, valvu huzama kwenye kiti, na nafasi inayopimwa kwa filageji hupungua hadi kuisha. Dalili ya kwanza ni injini kugoma kuwaka ikiwa baridi. Anayeongeza nafasi hiyo kwa kubadili vidonge vya kurekebishia hupata ahueni ya muda mfupi. Tabaka likishaisha, valvu inabadilishwa. Injini ya mipigo miwili haina valvu za namna hiyo, lakini nayo hupoteza ringi na pistoni kwa vumbi lile lile. Kuta za silinda zenye tabaka la nikeli na kabidi ya silikoni huvumilia. Ringi hazivumilii.

Namna mpangilio wa kazi unavyopimwa huonekana vizuri katika mashindano ya kimataifa ya enduro (mbio ndefu za nyika) ya siku sita, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1913 mjini Carlisle, Uingereza. Sehemu kuu za pikipiki hutiwa alama mwanzoni ili zisibadilishwe, na usiku pikipiki hufungiwa mahali ambapo mwenyewe haruhusiwi kuigusa. Kila asubuhi mwendeshaji hupewa dakika 10 za kazi, na jioni dakika 15, na kazi huifanya mwenyewe kwa mikono yake. Katika dakika hizo 15 hubadilisha tairi, chujio na oili, hutazama pedi, hukaza bolti. Chujio huja limeshapakwa oili tangu nyumbani, likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ili lifungwe bila kuguswa na mikono michafu. Kung'arisha plastiki hakumo. Mtu aliyebanwa na saa namna hiyo huonyesha wazi ni kazi zipi pikipiki haiwezi kuzikosa.

Baada ya chujio, cheni hufuata. Nyingi za sasa zina vijiringi vya mpira kati ya pini na sahani zake, vinavyofungia grisi ndani. Petroli na brashi ya waya huviua. Mafuta ya taa na brashi laini vinatosha, kisha kitambaa kikavu. Kilainishi hupakwa upande wa ndani, ule unaogusa sproketi, cheni ikiwa bado na uvuguvugu wa safari, na huachwa kishike kabla ya kuondoka. Penye mchanga mwingi kilainishi cha nta ni bora kuliko oili nzito, ambayo hukusanya mchanga na kuwa msasa. Oili chafu ya injini, dawa maarufu ya vijiweni, huleta chembe za chuma na kuruka hadi kwenye tairi. Boksi la cheni la AG100, ambalo wapenda mbio hulicheka, ni uhandisi wa busara: cheni isiyoonana na mchanga haihitaji hadithi zote hizi kila jioni.

Ulegevu wa cheni hupimwa kwa kipimo cha mwongozo wa modeli husika, si kwa mazoea ya bodaboda. Shokapu ya motokrosi husafiri takribani milimita 300, na cheni hufika kilele cha mkazo pale sproketi ya mbele, kiungo cha mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa katika mstari mmoja. Cheni inayoonekana nadhifu pikipiki ikiwa kwenye stendi inaweza kuwa imekaza mno pikipiki ikitua kutoka hewani, na hapo huvuta beringi ya giaboksi. Cheni iliyolegea kidogo ina madhara madogo kuliko iliyokaza kidogo.

Oili ya injini ya mipigo minne ya motokrosi ni kidogo, karibu lita moja katika modeli nyingi za sisi 250, na mara nyingi hiyo hiyo hulainisha pistoni, giaboksi na klachi. Unga wa klachi huichafua upesi, ndiyo maana miongozo ya mashine hizi huhesabu huduma kwa saa za kuwaka, si kwa kilomita. Inayofaa ni yenye alama ya JASO MA au MA2. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze. Oili iliyotoka na rangi ya chai ya maziwa imepata maji, ama kupitia sili ya pampu ya maji au bomba la kupumulia lililozama mtoni. Mipigo miwili ni rahisi zaidi: oili ya giaboksi ni ya peke yake, na ile ya pistoni huungua pamoja na petroli.

Pikipiki iliyozama haipigwi kiki wala selfu. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, mkono wake unaweza kupinda. Plagi hufunguliwa, pikipiki hulazwa au kupinduliwa, kiki husukumwa taratibu hadi maji yaishe, chujio na kabureta humwagwa, na oili hubadilishwa kabla ya safari ya kurudi ikiwa kuna uwezekano.

Maungio ya shokapu ya nyuma hukaa chini kabisa, ndani ya tope, na hubebwa na beringi za sindano ambazo kiwandani mara nyingi hutiwa grisi kidogo mno. Pikipiki mpya hufunguliwa hapo kabla ya matumizi mazito, ikapakwa grisi isiyotoka kwa maji, na kufunguliwa tena kila inapokuwa imeoshwa mara nyingi. Shingo ya usukani ni hivyo hivyo. Kutu ikishaanza, sindano hukwama, hukata njia yake, na beringi hutolewa kwa nyundo.

Spoki za gurudumu jipya hulegea katika safari za mwanzo. Hugongwa moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hutoa mlio wa juu, iliyolegea hutoa mlio mfu. Hukazwa robo mzunguko kwa zamu, si zote zilizofuatana, kwani kukaza upande mmoja hupindisha rimu. Bolti na nati hukaguliwa pikipiki ikiwa safi, na mafundi makini huchora mstari wa rangi kati ya nati na mahali pake ili iliyosogea ionekane kwa jicho.

Vipande vya mpira vinavyofuta vumbi kwenye shokapu ya mbele hushushwa na kusafishwa kwa kitambaa. Oili inayovuja hapo mara nyingi husababishwa na chembe moja ya mchanga iliyokwama kwenye sili, na plastiki nyembamba ikipitishwa taratibu kuizunguka huitoa. Pistoni za breki hufutwa kabla ya kurudishwa ndani. Mafuta ya breki ya DOT 4 hunyonya unyevu hata yakikaa bila kutumika, hivyo hubadilishwa kwa kalenda. Kabureta ya pikipiki itakayopumzika kwa wiki nyingi humwagwa petroli yake.

Mnunuzi wa pikipiki ya nyika iliyotumika asidanganywe na plastiki zinazong'aa. Seti mpya ya plastiki hufungwa mchana mmoja. Aombe kiti kifunguliwe, chujio litolewe, kisha apitishe kidole ndani ya bomba la hewa. Kidole kikitoka na vumbi, bei ya pistoni, ringi na pengine valvu aipunguze kwenye bei anayotajiwa, au arudi nyumbani na fedha zake.